Mwenzangu amemtia marehemu baba katika barua ya kuomba nafasi

Somo, shikamoo.

Mimi ni msichana wa miaka 22, mzaliwa wa Amu, yaani mji wa Lamu, mtaa wa Langoni. Sasa niko mwaka wa tatu katika chuo kimoja hapa Malindi. Nakuandikia kwa sababu jambo lililonikaa rohoni simwoni wa kumwambia. Nikimwambia mama atalia, nikiwaambia wenzangu wataona najidai.

Chuoni tuna chama cha midahalo. Tuko kumi na mmoja, tunakutana Jumatano jioni katika darasa ambalo feni yake imekufa tangu mwaka jana. Kwa asiyejua, mdahalo wa vyuo si kama ule wa shule. Chumba kimoja huwa na timu nne, kila timu watu wawili. Mnapewa mada na upande, mnapewa dakika 15 za kujiandaa, kisha kila mtu anasimama kwa dakika 7. Upande huuchagui. Leo unatetea kitu ulichokipinga jana. Timu ya kwanza hupata pointi 3, ya pili 2, ya tatu 1, ya nne haipati kitu.

Mwezi uliopita kulikuwa na mchujo wa raundi tatu wa kwenda mashindano makubwa ya wanafunzi. Nilikuwa nimekwenda nyumbani kumwona mama. Nikaondoka siku moja kabla ya mchujo, nikijua jioni nitakuwa Malindi. Kumbe maji ya mto Tana yameikata barabara upande wa Gamba. Tukalala ndani ya basi. Nilifika ukumbini kesho yake saa tano asubuhi, matope hadi magotini, raundi ya kwanza imekwisha. Mwenzangu alikuwa amesimama peke yake, na kwa kanuni za mchujo ule timu yenye mtu mmoja haihesabiwi pointi. Raundi ya pili tukawa wa pili. Ya tatu tukashinda. Jumla yetu ikawa pointi 5, na timu ya mwisho kupita ilikuwa na 6.

Sasa waandaaji wametangaza kwamba kuna nafasi nne walizoziweka kando, hazikugawanywa kwa pointi. Kwenye tangazo wameziita nafasi za hiari ya waandaaji. Hapa chuoni hakuna anayeziita hivyo. Watu wanaziita nafasi za huruma. Kila chuo kinaruhusiwa kutuma ombi moja tu, barua isiyozidi maneno 500, na sahihi ya mwalimu mlezi wa chama. Zimebaki siku 12.

Rasimu ameiandika mwenzangu. Yeye yuko mwaka wa mwisho, asipokwenda mara hii hatakwenda tena. Alinisomea kwenye simu jioni moja tumekaa ufukweni, karibu na mnara wa Vasco da Gama, tunakula viazi karai kwa ukwaju. Nilikuwa nasikiliza huku natafuna. Barua inaanza hivi: "Mwenzangu alikuwa na miaka 14 bahari ya Lamu ilipommeza baba yake." Kiazi nilichokuwa nacho mkononi nikakirudisha katika karatasi.

Ni kweli, Somo. Baba alikuwa mvuvi. Alitoka na wenziwe wawili msimu wa kusi, mashua ikarudishwa na mawimbi, wao hawakurudi. Nilimwambia mwenzangu habari hizo usiku mmoja tulipokosa usingizi, taa zimezimwa. Sikumwambia ili aandike.

Halafu barua inasema nimekulia katika milio ya risasi. Hilo si kweli. Mpeketoni, mji ulioko Lamu ya bara, ilivamiwa Juni 2014, watu zaidi ya 60 wakauawa. Sisi kisiwani tuliwekewa amri ya kutotoka usiku, wavuvi wakazuiwa kuvua usiku, na nyumba yetu ilionja njaa kwa ajili hiyo. Lakini mlio wa risasi mimi nimeusikia kwenye televisheni tu. Nilipomwambia, alinijibu: "Nani huko atajua tofauti ya Langoni na Mpeketoni?" Nikamwambia na baba sitaki atajwe. Akanyamaza muda mrefu, kisha akasema: "Basi niambie tuna nini kingine."

Sikuwa na jibu, na hilo ndilo linaloniuma. Maana baba ndiye aliyenifunza kubishana. Hakusoma zaidi ya darasa la saba. Siku za upepo mbaya alikuwa akikaa barazani anashona kofia, mimi namshikia uzi. Wakati ule Amu nzima ilikuwa ikizungumza kiwanda cha umeme wa makaa ya mawe kilichotakiwa kujengwa Kwasasi. Usiku mmoja baba akasema, "Leo mimi nakitaka kiwanda, wewe hukitaki. Haya, nishinde." Kesho yake tukabadilishana. Nikikwama hanisaidii. Anapitisha sindano, anavuta uzi, anapitisha tena, mpaka nipate la kusema. Mahakama ya mazingira ilikuja kuifuta leseni ya kiwanda kile Juni 2019. Baba hakuwahi kuisikia hukumu hiyo. Kofia aliyokuwa akiishona mama ameiweka katika mkebe wa biskuti, na sindano ingalimo.

Kuna na jambo la pili. Vijana wawili wa mwaka wa kwanza katika chama chetu walipata pointi 4 kwenye mchujo, na wao walikuwapo raundi zote tatu. Mwalimu mlezi amesema tukae tuamue wenyewe nani aombe. Wao hawajadai chochote, ila Jumatano mmoja wao aliniuliza kwa adabu, "Dada, lile ombi moja ni lenu tayari?" Nikamwambia bado.

Tukipata nafasi, ada ya usajili na nauli ni juu yetu. Mama ameshasema atatoa pesa za mikate ya mofa alizokuwa akiziweka ili aezeke upya jiko.

Niambie, Somo. Nimkubalie mwenzangu, maana barua yake ni nzuri na najua itawatoa watu machozi? Nikimkatalia, si nitakuwa nimemnyima nafasi yake ya mwisho? Au tuwaachie wale wadogo, kwa sababu mimi nafasi ya huruma sikuitaka tangu mwanzo?

Mbishi wa Langoni, Malindi


Marahaba, mwanangu.

Pole ya baba. Najua ni miaka mingi, lakini sijakupa pole yangu mimi, basi ipokee. Mungu amrehemu yeye na wenziwe wawili.

Nimeisoma barua yako mara tatu. Mara ya kwanza nilidhani unaniuliza jambo moja, kama marehemu atajwe au asitajwe. Niliporudia nikaona umenifungia mambo matatu katika leso moja: aibu ya kuomba, barua iliyoandikwa na mwenzako, na wale vijana wawili. Yamefungwa pamoja na ndiyo maana kila ukivuta moja mengine yanakaza. Niruhusu niyafungue kwa zamu, nianze na lile unaloliona dogo.

Unasema nafasi ya huruma hukuitaka. Neno huruma mmelipata wapi? Kwa maelezo yako mwenyewe, waandaaji hawakulitumia. Wao wameandika hiari, yaani wamejiachia uwezo wa kuchagua kwa kutazama mambo ambayo pointi haziyaoni. Pointi hupima kilichosemwa ndani ya chumba kati ya watu waliofika chumbani. Mto Tana ukijaa, pointi hazina macho ya kuuona. Mtu aliyewahi kuandaa mashindano yoyote katika nchi hii anajua kwamba wako watakaokwama njiani, watakaougua, watakaotoka kwenye vyuo ambavyo ndiyo kwanza vinaanzisha chama. Kwa hiyo anaweka viti vichache kando. Sijui kwa nini tumezoea kuona kwamba kiti cha namna hiyo ni sadaka.

Mashindano ya dunia ya midahalo ya vyuo vikuu, yaliyoanza Glasgow mwaka 1981 na kufika Gaborone mwaka 2011 na Cape Town mwaka 2019, yana fainali yake ya pekee kwa wanaozungumza Kiingereza kama lugha ya pili. Anayeshinda fainali hiyo hurudi kwao na kombe, na hakuna anayemwambia amehurumiwa. Waandaaji waliona tu kwamba mtu anayefikiri kwa lugha moja na kusema kwa nyingine ndani ya dakika 7 anabeba mzigo ambao mwenzake habebi, wakautengenezea nafasi. Sisemi hali yenu ni ile ile. Nasema neno mlilolichagua ninyi wenyewe limeanza kuwaandikia barua. Mtu akishaamini anaomba huruma, atatafuta cha kuhurumiwa. Je, mwenzako angeianza barua vile kama huko chuoni mngekuwa mnaziita nafasi za hiari?

Huenda angeianza vilevile. Nakuuliza tu ulitafakari.

Sasa barua yenyewe. Nilifundisha miaka mingi, na baada ya hapo nikakaa katika kamati ya kugawa basari. Nataka nikuonyeshe upande wa pili wa meza, kwa sababu wewe na mwenzako mnabishana juu ya wasomaji ambao hamjawahi kuwaona. Mezani kunakuwa na rundo la barua. Barua ya kwanza ya yatima inakuliza kwelikweli. Ya tano inakuliza. Ukifika ya ishirini, na zote zinaanza na kaburi, moyo unachoka, na naona haya kuliandika hili lakini ndivyo ilivyokuwa. Unaanza kupima misiba kama mtu anayepima nazi sokoni, ya nani nzito zaidi. Hakuna aliyekuwa amekaa pale kwa nia mbaya. Ni wingi wa barua uliotufanya hivyo.

Barua ninayoikumbuka mpaka leo ilikuwa ya kijana aliyeandika anadaiwa shilingi 4,300, mama yake ameshalipa 2,000, yeye amepata 800 kwa kubeba mchanga likizo, na kwamba iliyobaki ndiyo anayotuomba. Hakutaja msiba wowote. Tulikuja kujua baadaye kwamba na yeye alikuwa yatima.

Usichukue hadithi hiyo kama dawa. Wako wasomaji ambao barua ya mwenzako itawashika, na nafasi mkaipata. Hilo lazima nikubali, vinginevyo nitakuwa nakudanganya. Mstari ule wa kwanza ni mzuri, na aliyeuandika ana kipaji. Ila umeniambia jambo ambalo pengine hukulipima. Barua yako kwangu imetumia sentensi moja na nusu kueleza namna baba alivyokufa. Kisha ukatumia kifungu kizima kumweleza barazani, uzi mkononi mwako, akikuambia "nishinde." Rasimu ya mwenzako ina ile sentensi moja, na kifungu kile hakimo. Hakimo kwa sababu hakujua, nafikiri. Ulimsimulia kifo usiku taa zimezimwa. Ulipata kumsimulia kiwanda cha makaa ya mawe?

Hapo naona njia zaidi ya mbili ulizoniandikia. Unaweza kumwacha baba nje kabisa, na hakuna mtu duniani mwenye haki ya kukuuliza kwa nini. Hatari yake ni kwamba barua itasimama juu ya pointi na barabara peke yake, na kati ya maombi mengi inaweza kuonekana kavu. Unaweza kuiacha rasimu ilivyo, na hatari yake unaijua, maana uliihisi hata ukakirudisha kiazi katika karatasi. Tena mkipata nafasi kwa barua ile, itakufuata. Kuna mtu atakayekusogelea wakati wa chakula kukupa pole mbele ya watu, na kuna mwandaaji atakayetaka kuisimulia jukwaani kwa nia njema. Je, utaweza kusimama dakika 7 baada ya hapo?

Au unaweza kumtia baba katika barua kama mwalimu wako wa kwanza wa mdahalo, bila kutaja bahari. Njia hii nayo ina hatari, usidhani naisukuma kwa sababu imekaa vizuri. Ukishamwandika hivyo, baraza lile na sindano ile havitakuwa vyako peke yako tena. Kuna kumbukumbu ambazo mtu akizitoa nje hurudi zimechakaa. Wewe ndiye unayejua kama hii ni ya namna hiyo.

Na si wewe peke yako. Yule ni baba yako, lakini ni mume wa mtu pia. Umesema ukimwambia mama atalia. Inawezekana. Lakini machozi ya mama anayeulizwa si sawa na ya mama anayesikia kwa jirani kwamba habari za mumewe zimesomwa na kamati. Mimi sina hakika kwamba atakataa, na wala sina hakika kwamba atakubali. Nina hakika anastahili kuulizwa kabla ya sahihi ya mwalimu.

Kuhusu milio ya risasi, hapa sitazunguka. Hilo si kweli, na wewe umeshasema si kweli. Watu wa Mpeketoni walizika watu wao. Msiba ule una wenyewe, na wengine wao huenda wana watoto katika vyuo hivihivi mnavyoshindana navyo. Mwenzako akiuliza nani atajua tofauti ya Langoni na Mpeketoni, ajue kwamba anaweza kukaa chumba kimoja na mtoto wa Mpeketoni kwenye raundi ya kwanza. Zaidi ya hapo, ukweli wako hauhitaji kuongezwa chumvi. Mvuvi aliyezuiwa kuvua usiku, na mtoto aliyelala bila kushiba kwa sababu hiyo, ni habari ambayo watu wa bara wengi hawajawahi kuisikia. Kama mkitaka kuitaja Amu, itajeni ilivyo.

Na Amu ilivyo ni pamoja na mambo mengine. Mwanangu, mji wako ulikuwa ukijibizana na Mvita, yaani Mombasa, kwa mashairi zama za vita vya Shela, mwanzoni mwa karne ya 19. Bwana Zahidi Mngumi huku, Muyaka bin Haji kule, beti zinakwenda na kurudi, na kila upande unasubiri jawabu. Nikisoma mahali kwamba mtoto wa Amu hana cha kuandika katika barua ya mdahalo ila msiba, roho inaniuma kama ya mtu aliyetukaniwa nyumbani kwake. Haya, hilo ni langu, tuendelee.

Nataka tumtazame mwenzako, kwa sababu katika barua yako amekaa kama mtu anayeuza kisicho chake. Labda ndivyo. Lakini rudi nyuma kidogo. Umeandika kwa maneno machache kwamba raundi ya kwanza alisimama peke yake, na kwamba timu ya mtu mmoja haihesabiwi pointi. Alikuwa anaijua kanuni hiyo alipoinuka? Kama alikuwa anaijua, basi msichana huyo alijiandaa dakika 15 bila mtu wa kumnong'oneza, akasimama mbele ya majaji na timu tatu zilizo kamili, akatetea upande aliopewa, akijua tangu mwanzo kwamba atakalolisema halitaandikwa popote. Angeweza kukaa nje akusubiri, lakini aliingia.

Nilipofika hapo niliacha kusoma kwanza. Kwa sababu alikuuliza mna nini kingine, ukakosa jibu, na jibu moja lilikuwa limekaa mbele yako limeshika simu. Katika rasimu yake hakujiandika hata kidogo, kila kitu ni "mwenzangu," "mwenzangu." Pengine anaona wewe una hadithi na yeye hana. Pengine swali lake halikuwa la kukubana, alikuwa anauliza kweli. Umewahi kumwambia kwamba uliona alichokifanya asubuhi ile? Au ulifika na matope yako, mkakimbilia raundi ya pili, na tangu siku hiyo hakuna aliyelitaja?

Kwa hiyo sioni kwamba umebaki na mawili tu, umpe baba au umnyime nafasi. Inawezekana mkaandika pamoja barua ya namna nyingine: barabara ilikatwa siku fulani, mmoja alilala Gamba ndani ya basi, mwingine alisimama peke yake, na walipokutana walipata pointi 5 kati ya 6 zilizokuwa zimebaki. Hesabu hiyo ya mwisho mmeiona? Katika raundi mbili mlizokuwa pamoja mmeacha pointi 1 tu. Ambatisha na ushahidi wa safari kama tiketi ya basi unayo bado. Hatari yake ni ile niliyoitaja: inaweza isimlize mtu, na wengine wakapata kwa machozi. Mwenzako anayo haki ya kusema hatari hiyo ni kubwa mno kwake, kwa kuwa wewe una mwaka mwingine na yeye hana. Msikilize akisema hivyo. Usimjibu haraka.

Wale vijana wawili sasa. Umeniuliza kama muwaachie. Kabla hujawaachia, jiulize unawaachia kwa sababu gani. Ukiwaachia kwa kuwa unaona wanastahili zaidi, walikuwapo raundi zote na wana miaka mingi ya kurudisha chuoni walichojifunza, hiyo ni hoja na inasimama. Ukiwaachia ili uikimbie barua ya baba, watakuwa wamepokea kitu ambacho hawakijui, na mwenzako atakuwa amelipia aibu yako. Mambo hayo mawili kwa nje yanafanana sana.

Kuna na mlango wa kando ambao huenda hamjaubisha. Mashindano ya mtindo wenu yanakula majaji wengi. Kila chumba kina timu nne na kinataka jopo, na waandaaji karibu kila mahali wanahangaika kupata majaji wa kutosha. Ndiyo maana mara nyingi chuo kinachopeleka timu zaidi ya moja hutakiwa kije na majaji wake. Ulizeni kama ombi lenu moja linaweza kutaja timu ya watu wawili pamoja na jaji mmoja au wawili wa kutoka chama chenu. Kwa mwandaaji hilo linaweza kuwa na uzito kuliko aya nzima ya huzuni. Kwa kijana wa mwaka wa kwanza, kukaa kiti cha jaji raundi baada ya raundi ni shule kubwa, anasikia timu nne kila saa badala ya kuhangaika na hotuba yake. Lakini usiwapangie. Kijana aliyetaka kusema, ukimwambia akae aandike alama, anaweza kuona umemtia jikoni wakati wa karamu. Yule aliyekuuliza "Dada, ni lenu tayari?" alikuwa anakupa nafasi ya kumkaribisha kwenye mazungumzo. Ulimjibu bado, na hilo ni kweli. Lifanye liendelee kuwa kweli kwa kukaa nao kabla rasimu haijawa barua.

Pesa za mama sina mengi. Ulizeni mapema kama ada inapunguzwa kwa wanaotoka mbali, na chuo kama kina mfuko wa safari. Msisubiri jibu la nafasi ndipo mwanze kutafuta, maana jiko la mama litakuwa limeshauzwa.

Siku 12 ni nyingi kuliko unavyodhani, hata kama unaposoma haya zimepungua. Kama barabara iko wazi, ningependa uende Amu badala ya kupiga simu. Najua ni safari, Malindi mpaka Mokowe halafu mashua, na najua ndiyo safari iliyowakosesha pointi. Lakini jambo hili kwenye simu litatoka kama ombi la ruhusa, na mama atakujibu kwa mkato ili asilie. Kaa naye asubuhi akiwa amemaliza mofa, mikono ingali na unga. Usimsomee rasimu kwanza. Mwombe akutolee ule mkebe wa biskuti, mkiangalie pamoja kile kilichomo, umsimulie zile usiku za kiwanda. Inawezekana hajui mlikuwa mkibishana nini pale barazani, alikuwa akisikia sauti tu kutoka ndani.

Na mwenzako, kama anaweza kuacha masomo siku mbili, mchukue mwende naye.

Somo wako